Chura wa Kihansi na chumba kilichochelewa miaka kumi

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikusanywa kwenye korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya jijini New York. Spishi yao ilikuwa imegunduliwa miaka minne tu nyuma. Miongoni mwa waliompa chura huyo jina la kisayansi alikuwa Kim Howell, profesa wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Kihansi hadi Mlimani, kampasi ya chuo hicho, ni safari ya siku moja kwa barabara, lakini vyura wakavushwa bahari.

Watu wamezoea kukisimulia kisa hiki kama kesi ya chura dhidi ya umeme, na kila msimuliaji ana upande wake. Mimi naingilia mlango mwingine. Nataka kuangalia idara ya chuo kikuu iliyojikuta na kiumbe kisichopatikana penginepo duniani, na kuuliza ilikuwa na vyumba gani, vifaa gani na watu gani, ikaazima nini kwa nani, na mwisho wa yote ikabakiwa na nini mkononi.

Kwanza mahali penyewe. Mto Kihansi unafika ukingoni mwa Udzungwa na kujitupa kuelekea bonde la Kilombero. Maji yalipokuwa yanashuka kwa nguvu zake zote, yalipiga miamba yakapanda tena hewani kama moshi, na manyunyu hayo yakalowesha vipande vidogo vya ardhi kandokando ya maporomoko mchana na usiku, masika na kiangazi. Ukivijumlisha vipande vyote unapata kama hekta mbili, yaani hazifiki viwanja vitatu vya mpira. Ulimwengu wote wa chura huyu ulikuwa hapo. Rangi yake ni ya njano ya dhahabu, dume hafikishi sentimita mbili, jike hazidi tatu. Hana kiwambo cha sikio cha nje. Tena hatagi mayai majini: jike huzaa vitoto vilivyokamilika, kila kimoja na urefu wa takriban milimita tano, bila hatua ya kiluwiluwi kuogelea popote. Sehemu ya pili ya jina lake, Nectophrynoides asperginis, inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Umeme nao ulitaka maji hayohayo. Bwawa la Kihansi ni fupi, ukuta wake una mita 25 hivi, na nguvu yake yote inatokana na mteremko: maji yanaingizwa kwenye mwamba juu ya maporomoko na kuporomoka zaidi ya mita 800 hadi kwenye mashine tatu za megawati 60 kila moja. Megawati 180 zile zilikuwa karibu theluthi ya uwezo wote wa umeme wa maji nchini, hadi Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha. Sizidharau. Anayekumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 hawezi kuzidharau.

Tathmini ya mazingira iliyotangulia ujenzi haikulichunguza korongo. Ni mahali pa mawe yanayoteleza na kuta za kupanda kwa mikono, na ni rahisi kuandika ripoti ya mto mzima bila kuteremka humo. Watafiti wa chuo waliposhuka mwaka 1996 kufanya ufuatiliaji wa kiikolojia, ujenzi ulikuwa umeshaanza na mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine ilikuwa imeshasainiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tuliyo nayo leo ilipitishwa mwaka 2004, miaka minne baada ya bwawa kuanza kazi. Idara iliitwa kama mshauri wa mradi, na mshauri hufika baada ya uamuzi kufanywa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, walisema wahenga, na huyu wa Kihansi wito wake ni mwembamba kiasi kwamba kando ya maporomoko hata ng'ombe asingemsikia.

Kumpa jina

Katika hatua hii idara ilijitosheleza zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kugundua spishi kunahitaji miguu, macho yaliyozoea, chupa za spiriti, daftari la shambani na mtu aliyekaa na vyura wa Tao la Mashariki, safu ya milima ambayo Udzungwa ni sehemu yake, kwa miaka mingi. Vyote hivyo Mlimani vilikuwepo. Kilichokosekana ni vielelezo vya kulinganisha. Jenasi ya Nectophrynoides haipatikani nje ya Tanzania hata spishi moja, lakini vielelezo vya kwanza vilivyoelezwa kisayansi, tangu mwaka 1905, vilichukuliwa enzi za Wajerumani na kuwekwa Ulaya. Anayetaka kuthibitisha kwamba chura wake ni mpya lazima amweke mezani na ndugu zake, na ndugu zake wamo kwenye makabati ya huko.

Ndiyo maana andiko lililomtambulisha chura wa Kihansi mwaka 1999 lina majina manne: Poynton, Howell, Clarke na Lovett. Howell wa Dar es Salaam, na wengine waliokuwa na uhusiano na taasisi za Uingereza, likiwemo jumba la makumbusho ya historia ya asili la London. Huu ni ubia wa aina ya zamani, wa wasomi wanaoandikiana barua na kutumiana vielelezo, na kwa kazi ya kutoa majina unafaa sana. Mimea ya korongo hilo ilipitia njia hiyohiyo. Mbuni wa mwituni wa Kihansi, Coffea kihansiensis, ulielezwa mwaka 2004 na mtaalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, pamoja na mwenzake Mtanzania.

Ubia huo ulikuwa na upungufu mmoja tu, kwamba haukuwa na uwezo wa kumweka kiumbe hai hata wiki moja. Chupa ya spiriti haihitaji chakula.

Maji yanapokatwa

Mwaka 2000 mitambo ilipoanza, mto uliokuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde ulibaki na chini ya mbili korongoni. Asilimia 90 ya maji ilikuwa imehamia kwenye handaki. Manyunyu yakakatika na ardhi ikaanza kukauka.

Yalifanywa mambo mawili kwa haraka. La kwanza lilikuwa mabomba: mtandao wa kunyunyiza maji kwa nguvu ya mteremko, wenye vichwa vidogo vinavyotoa ukungu juu ya baadhi ya vipande vilevile. Ukitazama picha zake unaona jambo la ajabu kidogo, msitu wa mvua unaomwagiliwa kama bustani ya mchicha. La pili ni lile la vyura 499.

Kwa nini wasipelekwe Mlimani? Orodha ya mahitaji inajibu. Korongo ni la baridi, wakati Dar es Salaam mwezi Februari watu wenyewe wanatafuta kivuli. Chura anataka ukungu kila saa, wa maji yasiyo na klorini, kwa hiyo maji ya bomba la mjini hayatumiki hivihivi. Anataka taa zenye mionzi ya UVB, kama ile iliyomo kwenye mwanga wa jua, maana bila mionzi hiyo mifupa inalegea. Anahitaji daktari wa mifugo anayeweza kumpasua chura wa sentimita mbili aliyekufa asubuhi na kusema kilichomuua kabla ya jioni. Zaidi ya yote anataka chakula kilicho hai na kidogo kuliko yeye: nzi wa matunda, nyenje waliotoka kwenye yai siku hiyo, vijidudu vya udongo vinavyorukaruka. Kitoto cha milimita tano kinakula nini? Kwa hiyo anayejenga nyumba ya chura wa Kihansi anajenga kwanza shamba la wadudu, na shamba hilo likifa kwa wiki moja vyura wanafuata.

Idara ilikuwa na maabara za kufundishia, mkusanyiko wa vielelezo, na watu waliozoea pwani, kwani kwa miaka mingi iliitwa Idara ya Zuolojia na Baiolojia ya Bahari, na chuo kina kituo Kunduchi na taasisi ya sayansi za bahari Zanzibar. Mali hiyo si ndogo, ila haikujengwa kwa ajili ya mnyama wa mlimani anayeishi ndani ya ukungu. Sioni aibu hapo. Vyuo vikuu vingi vya Ulaya vingeulizwa swali hilohilo mwaka 2000 vingejibu hivyohivyo.

Hata New York walishindwa kwanza. Vyura waligawanywa kwenye bustani kadhaa za Marekani, na karibu kote walikufa: minyoo ya mapafu, lishe isiyotosha, kuvu wa ngozi. Ilipofika mwaka 2004 waliobaki hawakufika mia, na bustani mbili tu ndizo zilizoendelea nao, Bronx na ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Huko wakabadilisha taa, wakabadilisha chakula, wakatibu minyoo, na taratibu hesabu ikaanza kupanda. Nasisitiza hili kwa sababu msomaji wa kwetu hupenda kudhani kwamba taasisi ya nje inakuja na ujuzi uliokamilika. Bronx na Toledo walijifunza juu ya miili ya vyura wetu, kwa gharama ya mamia ya vifo. Walichokuwa nacho kutuzidi ni nafasi ya kukosea: mapampu ya akiba, wataalamu wa maradhi wenye mshahara, na bajeti inayostahimili mwaka mbaya.

Kuvu na viatu

Huku nyumbani mambo yalionekana kutengemaa. Mabomba yalifanya kazi, na hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura wapatao 20,000 korongoni. Miezi michache baadaye wakaporomoka. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu, na wawili wakasikika wakiita.

Mizoga ilikutwa na kuvu aina ya kitridi, muuaji aliyemaliza vyura wa nchi nyingi. Yupo pia anayetaja ufunguaji wa milango ya bwawa mwaka huohuo, ulioshusha tope, pengine na dawa za mashambani za juu ya mto. Uchunguzi wa maabara wa miaka ya karibuni, uliowashirikisha wanasayansi wa Afrika Kusini na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, umeegemea upande wa kuvu, nami naegemea huko.

Kwa idara, somo la kuvu ni chungu kwa namna yake. Kitridi husafiri ndani ya maji na tope, na tope hushika kwenye viatu, nyavu na ndoo. Katika korongo ambalo kabla ya 1996 hakuna mtafiti aliyekuwa akilichunguza, waliopita mara nyingi zaidi miaka iliyofuata walikuwa mafundi wa mabomba na sisi tunaojiita watu wa baiolojia. Tangu hapo kusafisha viatu kwa dawa kabla ya kuingia ni sharti, na beseni la dawa mlangoni limekuwa kifaa cha utafiti sawa na darubini. Ningekuwa nafundisha mwaka wa kwanza, ningeanzia kwenye beseni hilo.

Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Kwa wakati huo kila chura wa Kihansi aliye hai duniani alikuwa New York au Ohio. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyegeuzwa mgeni ili apone.

Chumba cha Mlimani

Safari ya kurudi ilitegemea jengo. Kupitia mradi wa mazingira wa Kihansi, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia na kusimamiwa na upande wa serikali, likiwemo baraza la taifa la mazingira, NEMC, chuo kilipata kituo cha kuzalishia vyura hawa kwenye kampasi. Watunzaji wa Kitanzania walipelekwa Bronx na Toledo kujifunza kabla ya vyura kufika. Agosti 2010 vyura 100 wakaja kutoka bustani zote mbili, miaka kumi kasoro miezi tangu wenzao waondoke. Vibali navyo havikuwa vya mchezo: jenasi yao nzima imo tangu mwaka 1975 kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kila kuvuka mpaka kunataka kibali cha nchi zote mbili.

Chumba chenyewe hakina mvuto kwa mpiga picha. Ni masanduku ya kioo yenye kuvumwani na majani, vichwa vya ukungu juu, taa, mashine za kupooza hewa, maji yaliyochujwa, na pembeni makopo ya nzi wa matunda. Mgeni asiyejua atadhani ni stoo ya mtu anayefuga wadudu, na hatakuwa amekosea sana.

Kilichofanyika humo ndicho kinachonifanya nikiite maabara na si hifadhi tu. Swali lilikuwa: je, korongo ni salama? Bronx wasingeweza kulijibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye udongo wa Kihansi, na udongo huo usingefaa kuvushwa bahari kwenda kuwekwa karibu na vyura wachache waliosalia duniani. Mlimani waliweza. Walileta udongo na mimea ya korongoni, wakawaweka vyura nayo, wakaleta pia vyura wa spishi nyingine waishio hukohuko, wakasubiri kuona nani ataugua. Mwaka 2012 vyura 48 wakapelekwa korongoni kwa majaribio. Mwisho wa mwaka huo wakaachiwa wapatao 2,000, na ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa spishi ya amfibia iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa mahali pake pa asili. Kituo kingine cha kuzalishia kipo Kihansi kwenyewe, ili ugonjwa au hitilafu ikiingia kwenye nyumba moja, nyingine isalie. Makundi mengine yameachiwa miaka iliyofuata. Hata hivyo tathmini ya IUCN ya mwaka 2015 iliendelea kumwandika kuwa ametoweka porini, kwa sababu kuachia ni kazi moja na kuzaliana vizazi kwa vizazi bila msaada ni kazi nyingine.

Mapampu na mashine za kupooza za Mlimani zinaendeshwa na umeme wa gridi. Gridi inalishwa, pamoja na vyanzo vingine, na Kihansi. Chura aliyenyimwa maji ili taa ziwake anaishi sasa kwa hisani ya taa hizo, na umeme ukikatika Dar es Salaam mchana wa jua kali, mtunzaji anahesabu dakika.

Pesa ina tarehe

Ukipima wabia wa kisa hiki kwa walichoacha, si kwa nembo zilizobandikwa kwenye ripoti, mpangilio unabadilika. Benki ya Dunia ilileta fedha nyingi kuliko wote, na fedha za mradi zina tarehe ya kufungwa. Nzi wa matunda anataka kulishwa kila siku baada ya tarehe hiyo. Makumbusho na vyuo vya Uingereza viliacha jina na maandiko. TANESCO, shirika la umeme la taifa, ambayo wengi hawaiweki kwenye orodha ya wabia wa baiolojia, ndiyo yenye mkono kwenye maji yanayopitishwa korongoni, kwa hiyo kwa maisha ya chura ni mbia mkubwa kuliko chuo chochote. Bronx na Toledo waliacha vitu viwili ambavyo havikai kwenye ripoti kwa urahisi: vyura wenyewe, na watunzaji waliokaa nao bega kwa bega wakajua chura anayekaribia kuugua anakaaje.

Hao watunzaji ndio ninaowahofia. Muundo wa utumishi wa chuo unamjua mhadhiri na unamjua fundi sanifu wa maabara. Haumjui vizuri mtu ambaye utaalamu wake ni kuzalisha nyenje wa siku moja na kusoma mkao wa chura. Mtu huyo akihamia kazi nyingine, miaka kumi ya mafunzo inatoka naye getini, na hakuna kabati la Berlin wala London la kuyatafuta.

Ningepewa hati ya makubaliano inayofuata niisome kabla ya kusainiwa, ningeruka kurasa za utangulizi na kutafuta mambo machache. Pampu ya pili inalipiwa na nani? Mshahara wa mtunzaji uko kwenye bajeti ya chuo au ya mradi? Sampuli ya mzoga ikichukuliwa leo, inapimwa Morogoro, inapimwa Mlimani, au inasubiri ndege? Na siku ya sikukuu, chumba kikiwa na vyura mia kadhaa na umeme umekatika tangu saa nne asubuhi, simu inapigwa kwa nani, na huyo mtu ana funguo?